Bisi Kwenye Santuri Mpya

Miaka ya mwanzo ya themanini nilikuwa na duka la muziki mjini Migori, chumba kimoja kilichopakana na kinu cha posho. Nasema duka ili nijipe heshima. Ilikuwa meza, gramafoni ya kufungika kama sanduku la shule, spika ya mbao juu ya mlango, na rafu mbili za santuri ndogo, zile za wimbo mmoja mbele na mmoja nyuma. Kinu kikiwashwa, sindano iliruka. Hilo nililisamehe, kwa sababu kinu kilikuwa kinasaga unga wa watu. Nisichosamehe mpaka leo ni santuri iliyotoka kiwandani Nairobi ndani ya jalada lake, haijaguswa na mtu, ikaanza kulia kama bisi kwenye sufuria kabla gitaa halijaanza.

Santuri kuukuu ikikwaruza, naelewa. Imecheza harusini, imekanyagwa, imemwagiwa chang'aa. Lakini mpya? Nilikuwa nikizielekeza kwenye jua na kuona vinundu, mapovu, na mara moja kipande cha karatasi nyekundu kimeganda ndani. Hapo ndipo nilipoelewa wanachofanya. Zile santuri zisizonunuliwa walikuwa wanazivunjavunja, wanaziyeyusha pamoja na lebo zake, kisha wanatuuzia tena kama mali mpya. Tulikuwa tunanunua makapi ya nyimbo za jana yamefinyangwa upya, na bei ilikuwa ya kitu kizima.

Ajenti aliyetuletea mzigo alivaa suruali iliyopigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyanya. Nilipomlalamikia aliinamisha kichwa, akasikiliza kidogo kama daktari, kisha akanipa hukumu yake.

"Hiyo ni upya wake tu, bwana. Ikizoea sindano itanyamaza."

"Nimezicheza wiki nzima."

"Weka shilingi juu ya kichwa cha sindano. Itatulia."

Mtu mzima, ana mke na watoto, anasimama mbele yangu kunieleza kwamba kelele ni upya na dawa yake ni sarafu. Nilimdharau kwa moyo wangu wote. Nao wateja wangu niliwadharau zaidi, kwa sababu walimwamini. Kila nyumba niliyoingia wakati ule ilikuwa na sarafu imebandikwa kwa plasta juu ya kichwa cha gramafoni, na ile sindano maskini inalima santuri kama jembe la ng'ombe.

Mmoja alitoka Sori, kule ziwani, na santuri iliyojikunja kingo kama chapati iliyosahaulika jikoni. Aliiweka mezani kwangu kwa hasira.

"Fundi, hii kitu yenu imepinda."

"Umeifanyia nini?"

"Nimeosha tu na sabuni. Ilikuwa na uchafu ndani ya wimbo."

"Ukaianika wapi?"

"Si pale kwa neti, na omena."

Alitaka nimpe nyingine. Nilimwambia airudishe kwenye neti ya dagaa, huenda ikakauka vizuri akaila na ugali. Santuri ile ilinuka dukani kwangu siku mbili, na mimi nilicheka siku mbili, kicheko cha mtu anayejiona ana masikio peke yake wilaya nzima.

Sasa nije kwa mama mdogo, maana ni yeye aliyenifanya nikumbuke haya yote.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu. Aliishi Rangwe, nyuma ya soko, akiuza njugu na viazi vitamu. Alikuwa Msabato wa kweli, wa kupika Ijumaa ili Sabato asiguse moto, na alikuwa ameolewa na mwimbaji wa benga. Wazee wa kanisa walimwombea sana kwa ajili hiyo. Yeye aliwashukuru, akaendelea kumfulia mumewe mashati ya kuimbia baa.

Asiyezijua nyimbo zetu lazima nimweleze jambo moja. Katikati ya wimbo kuna mahali gitaa linapungua, karibu lilale, na mwimbaji anavuta pumzi na kumsifu mtu. Anamtaja jina, anamtaja mama yake, kwao, mwendo wake, meno yake. Huko baa, sifa hizo huenda kwa anayetoa kitu. Nyumbani kwake Rangwe, akipiga gitaa uani, mume wa mama mdogo alimsifu mkewe: binti wa Asumbi, mwenye mwanya, anayecheka kwa bega moja. Niliisikia sifa hiyo mara nyingi nikiwa kijana. Mama mdogo alijifanya hasikii, lakini bega lilimsaliti.

Mwishowe mumewe akapata nafasi ya kwenda Nairobi kurekodi wimbo ule. Alirudi na kikohozi na ahadi kwamba santuri ingefuata. Kikohozi kilikuwa cha kweli kuliko ahadi. Tulimzika kabla santuri haijafika.

Ilipofika, iliingia kwangu kwa sanduku. Nilifunga mlango nikaicheza peke yangu. Bisi mwanzoni, sawa, nilishazizoea. Sauti yake ikaja, nzuri, hai kabisa, na mimi nikalia. Kisha gitaa likapungua. Nikasikia akivuta pumzi, ile pumzi niliyoijua, na hapo hapo kelele ikapanda kama mafuta yaliyotiwa maji. Iliimeza sifa yote. Ilipotulia gitaa lilikuwa limekwisha rudi na yeye anaimba ubeti mwingine.

Nilitoa nyingine kwenye sanduku. Mahali pale pale. Nyingine tena. Pale pale. Nilizicheza zote mpaka betri ikafa, na zote zilikaanga mahali pamoja, pumzi kwanza, kisha bisi. Ilimaanisha kasoro haikuwa kwenye plastiki. Ilikuwa kwenye kile chuma chenyewe kinachokandamiza santuri, kimeharibika na hakuna aliyejali kukitazama. Mtu amekufa, amemwachia mkewe kitu kimoja tu, jina lake likiitwa na sauti yake, na mzembe fulani mwenye ovaroli amekipiga muhuri wa kelele. Sijawahi kuchukia watu nisiowajua kama nilivyowachukia wale.

Nilimpelekea mama mdogo moja, pamoja na gramafoni kuukuu niliyoitengeneza. Jumapili alasiri tuliketi sebuleni kwake. Alisikiliza amefunga mikono. Gitaa lilipopungua na bisi zikaanza, niliona midomo yake ikicheza kidogo. Nilidhani anaomba.

"Usijali, mama," nilimwambia. "Nitakutafutia iliyo safi."

"Ya nini? Si inaimba?"

"Haiimbi, inakaanga."

"Wacha tu, nyathina. Mimi nasikia."

Aliniita nyathina, mwanangu, na mimi nikamjibu kwa kicheko ambacho nakionea aibu. Nilimhesabu pamoja na yule wa omena. Niliona ni mwanamke asiyejua tofauti ya sauti na kelele, na kwamba ni wajibu wangu, mimi mwenye masikio, kumwondoa katika ujinga wake. Kila nilipokwenda Rangwe santuri ile ilikuwa ikilia Jumapili alasiri, na kila nilipoondoka nilirudia ahadi yangu kwa sauti ili majirani nao wasikie. Yeye alirudia "wacha tu" yake. Nilichukulia kwamba ananionea huruma kwa usumbufu.

Miaka ikaenda. Kanda zikafika, kila mtu akawa na redio kaseti, na kiwanda kikaacha kutuletea makapi yake. Ajenti alikuja mara ya mwisho kuchukua masalio, suruali bado ina makali, na mimi nikamkumbusha santuri ile kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

"Ile?" akasema, bila haya. "Zile za kwanza zilikuwa sawa. Chache tu, kabla chuma haijaharibika. Zilipelekewa mwenye wimbo, huko Homa Bay."

Sikumuuliza kwa nini mwenye wimbo awe Homa Bay wakati mwenye wimbo tulimzika Rangwe. Nilisikia neno "sawa" tu. Masikio yangu mazuri yalikomea hapo.

Nilikwenda Homa Bay. Mwenye wimbo alikuwa tajiri wa samaki, mwenye malori na nyumba ya vigae inayotazama ziwa. Sebuleni kila kitu kilivikwa kitambaa cha kufuma: viti, redio, meza, mpaka simu isiyo na waya wa kwenda popote. Aliniletea soda, akaniketisha, akafunua gramafoni kana kwamba anamfunua bibi harusi.

"Omera, ndugu yangu, sikiliza vile kitu inatakiwa kulia."

Akaweka sindano. Hakukuwa na bisi hata moja. Nilikuwa nimeuza santuri miaka mingi na sikuwa nimewahi kusikia ukimya kama ule. Wimbo ukaja. Gitaa likapungua. Mume wa mama mdogo akavuta pumzi, na kwa sauti safi, bila kupoteza hata herufi, akamsifu yule tajiri. Jina lake. Mama yake. Malori yake. Tumbo lake, alilifananisha na ngoma, naye tajiri akalipiga makofi aliposikia likitajwa.

Mwenye kelele hana neno. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wateja kuhusu santuri mbovu. Hii haikuwa na kelele, na neno lake lilikuwa hilo.

"Umeskia?" Alirudisha sindano. Akarudisha tena. "Huyo kijana alikuja hapa hana nauli ya Nairobi. Nikamwambia, mimi nakutoa, lakini pale gitaa inalala, pale ni pangu."

Nilimtazama akicheka, na nilimdharau kuliko ajenti, kuliko kiwanda, kuliko sarafu zote za wilaya. Kisha nikamdharau marehemu, kwa dakika chache, na hilo liliniuma zaidi. Nilipoaga, tajiri alinitilia santuri moja mkononi.

"Chukua, ninazo tatu. Pelekea yule mama asikie vile bwana yake alinipenda."

Ningeweza kuivunja njiani. Lakini nilikuwa nimeahidi kwa sauti kubwa, miaka mingi, mbele ya majirani, na kiburi changu kilitaka kuingia Rangwe na kitu mkononi. Kwa hiyo nilirudi dukani Migori, nikafunga mlango, nikatafuta mahali gitaa linapopungua, nikachukua sindano ya kushonea magunia. Mimi, niliyewatukana watu wa kiwanda mpaka nikakaukiwa mate, niliikwaruza santuri mpya, safi, pekee niliyowahi kuishika, nikapitisha sindano pale pale mpaka jina la tajiri likafutika. Nyani haoni kundule, husemwa. Mimi langu nililiona vizuri sana, nikaendelea.

Jumapili nikaenda Rangwe. Nilikuwa nimepanga uongo wangu: nimeipata, nimehangaika, lakini hata hii ni mbovu, ndivyo walivyo wale watu. Niliusema wote bila kukwama. Mama mdogo alipangusa mikono ya njugu, akaketi, akafunga mikono. Nikaweka sindano.

Ukimya ule safi. Sauti yake. Nilimwona akishtuka jinsi alivyokuwa karibu. Gitaa likapungua, pumzi ikaja, na mkwaruzo wangu ukaanza kugonga: tak, tak, tak. Midomo yake haikucheza. Alinigeukia mimi badala ya gramafoni.

"Hii ni wewe umefanya."

"Ni kiwanda, mama."

"Ile ya kiwanda inakaanga. Hii inagonga kama mtu kwa mlango." Alisubiri nibishe. "Umetoka Homa Bay."

Nikakubali kwa kichwa.

"Unadhani nauli ilitoka wapi? Mimi ndiye nilimfungia hiyo pesa ya huyo tajiri kwa leso. Alilia hapo mlangoni, akasema, mama, nimekuuza kwa huyo mtu. Nikamwambia, nenda uimbe, mimi nitakusikia tu."

"Sasa kila Jumapili ulikuwa unasikiliza nini?"

Alinitazama kwa namna niliyoijua vizuri. Ndivyo nilivyokuwa nikimtazama mtu wa omena.

"Anavuta pumzi ya kuita mtu," akasema. "Halafu pale hakuna jina. Pako wazi. Basi mimi najiita."

Bega moja likapanda kidogo. Kisha akaninyooshea mkono nimpe santuri yake ya zamani, akaniambia niiondoe ile yangu, maana ilikuwa na kelele.