Picha Yangu Ilishinda, Ikamwonesha Mume Mahali Mkewe Alikojificha

Admin, nifichie jina, na jina la kijiji chetu usiliweke kabisa. Mkisoma mpaka mwisho mtaelewa kwa nini naogopa.

Mimi ni mwanamke wa miaka 32, sijaolewa, nina binti mmoja yuko darasa la tatu. Nina studio ndogo ya picha hapa Majengo, Dodoma. Napiga pasipoti, kipaimara, send-off, mahafali, chochote kinachokuja. Kwetu ni kijijini, upande wa Chamwino, na mama yangu bado anaishi huko.

Miaka mitatu iliyopita alifika kijijini binti mmoja, nimwite Neema, ana mtoto mchanga mgongoni na mkono mmoja umevimba hadi kiwiko. Alikuwa amemtoroka mumewe, wilaya ya mbali. Bibi mmoja jirani ya mama akampokea. Hakuna aliyeitisha kikao, lakini kijiji kizima kilielewana: akija mtu kuuliza, huyu ni mjukuu wa bibi, basi. Neema akaishi hivyo, akalima, mtoto wake akaanza kukimbia.

Mwaka jana wakati wa mavuno yule bibi alianguka akaumia nyonga. Wanawake wa kijiji wakaja kumpuria uwele wake wote. Siku hiyo nilikuwa nimeenda kumsalimia mama, nina kamera yangu, nikaanza kupiga. Neema akanivuta pembeni, kanga ameishikilia chini ya macho.

"Dada, mimi usinitoe popote. Habari zangu unazijua."

Nikamjibu, "Usiwe na wasiwasi mdogo wangu, hizi ni za kwangu tu."

Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu huu.

Baadaye likatangazwa shindano la picha la taifa, mada ikiwa ni jamii. Nilikuwa na picha nyingi za siku ile, lakini moja tu ilikuwa na uhai. Fimbo za kupuria ziko juu, makapi yamejaa hewani, na katikati Neema anacheka, kanga imemwangukia mabegani, mtoto anachungulia mgongoni kwake. Nilikaa nayo siku mbili. Nikajisemea, mwanaume wa kule porini ataonea wapi picha za mashindano? Miaka kumi nimepiga watu waliosimama wima mbele ya pazia la bluu, na mimi nilitaka siku moja niitwe mpiga picha. Fomu ilikuwa na sehemu ya kujaza mahali picha ilipopigwa. Nikaandika jina la kijiji, kwa herufi kubwa.

Nilipopigiwa simu kuambiwa nimeshinda, nililia mpaka mteja akanibembeleza. Picha ikatoka magazetini na jina la kijiji chini yake, ikasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Watu walikuwa wananitumia picha yangu mwenyewe na kuniandikia hongera.

Haikuisha wiki mbili, mama akanipigia. Sauti yake sikuitambua.

"Yule mwanaume amekuja. Amekuja na pikipiki, ana ile picha kwenye simu, anaonesha watu. Neema alikuwa bombani. Amemnyang'anya mtoto."

"Neema yuko wapi?"

"Yupo. Amepigwa, lakini yupo. Mtoto ndiyo hatujui amepelekwa wapi." Akaongeza, "Mwanangu, huku usije kwanza."

Tangu siku hiyo simu ya yule mwanaume haipatikani, na kwao wanasema hawajamwona. Polisi wanatafuta, ustawi wa jamii wamefungua faili. Niliwapigia waandaaji wa shindano nikawaomba waitoe ile picha. Dada aliyepokea alinisikiliza vizuri, akaniambia, "Kwetu tutaifuta leo hii. Lakini iliyo kwenye simu za watu hatuna cha kuifanya." Nikamwambia na zawadi sitaki. Akasema nifikirie kwanza, maana sherehe ipo, na waandishi wa habari watakuwepo.

Wiki iliyopita Neema alikuja studio. Nilijiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja wa pasipoti, akasema, "Nilikuomba, dada." Nikapiga magoti nikalia. Akasubiri ninyamaze, akaendelea, "Kulia hakunisaidii. Nenda kwenye sherehe yao. Simama mbele ya hao waandishi uoneshe sura ya mwanangu na sura ya baba yake. Mimi ulinionesha nchi nzima. Basi na yeye mwoneshe."

Nikampeleka kwa afisa wa ustawi anayeshughulikia faili. Mama wa watu alitusikiliza, akatuomba tusubiri. Anaogopa yule mwanaume akijiona anatangazwa atavuka mpaka na mtoto, au atafanya jambo baya zaidi. Neema akamuuliza, "Nisubiri mpaka lini?"

Sherehe ni Jumamosi. Nikizungumza, halafu yule mtoto akapata madhara, nitakuwa nimemuumiza Neema mara ya pili kwa kamera ile ile. Nikikaa kimya, na asipatikane, nitamwangaliaje? Picha ya karibu ya sura ya mtoto ninayo mimi peke yangu, nilimpiga siku ile ile. Nimeshaisafisha kwenye karatasi. Nashindwa kuiangalia, nashindwa kuifuta.

Jamani, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Kama kuna aliyepitia haya, au anayejua sheria, aniambie. Neema amekuja tena asubuhi hii, amekaa kwenye benchi hapo nje anasubiri jibu langu. Mimi niko ndani nyuma ya pazia nawaandikia nyinyi. Nikitoka hapa, nimwambie nini?