Kwa Wakwe Wanaokamua Divai ya Ndizi

Jumamosi ile tuliondoka Kampala kwenda kuwaomba wakwe zangu ruhusa ya kuwachukua wajukuu wao. Mimi ni mtu wa Voi. Nilikuwa nimekaa Kampala miaka mingi, nikitengeneza magari katika gereji moja ya Kisenyi, na huko ndiko nilikomuoa Babirye. Tulikuwa na watoto wawili: Sanyu, msichana wa miaka minane, na Maganga, wa miaka minne. Miezi ile serikali ya wanajeshi ilikuwa imekosana na Kenya, na Wakenya wakaanza kupotea mmoja mmoja. Fundi mwenzangu aliitwa nje na watu wawili waliovaa miwani ya jua. Aliacha chai yake mezani na hakurudi kuinywa. Tangu hapo sikuweza kukaa kitako. Gari likisimama nje, nainuka. Likiondoka, nainuka tena kuhakikisha kwamba limeondoka.

"Twende kwenu Voi," Babirye aliniambia. "Lakini siwezi kuwavusha watoto mpakani kabla wazee hawajawaona na kukubali."

Asubuhi, kabla jua halijakolea, tulipanda Pijo kuukuu niliyoazimwa na tajiri wa gereji. Babirye akanifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini. "Leo unaumwa jino," alisema. "Kiswahili chako kitatuponza." Alisema kweli. Kampala, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na kila mtu alikivunjavunja alivyoweza. Mimi nikifungua kinywa tu, walijua nimetoka wapi.

Busega, barabara ya Masaka inapoanza, tulikuta kizuizi. Askari kijana aliingiza kichwa dirishani.

"Huyu nini?"

"Jino, afande," alijibu Babirye. "Limevimba, hawezi kusema."

Alinibonyeza shavu kwa kidole. Nikapiga ukelele, wala sikuwa naigiza, maana bunduki yake ilikuwa imenigusa bega.

"Weka chumvi."

"Chumvi tutapata wapi, afande?"

Akacheka. "Kweli. Hata bibi yangu natafuta chumvi." Akafungua buti, akachukua sabuni tuliyowabebea wazee, akatupungia mkono tupite. Nilitazama nyuma kwenye kioo hadi mafunjo ya bondeni yalipomficha.

Baada ya Mpigi tuliiacha lami tukashika njia ya vumbi jekundu, migomba pande zote mbili. Maganga aliimba. Sanyu hakuimba. Alikuwa amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma, akiangalia tulikotoka.

Tulipofika uani, harufu ya ndizi mbivu ilitupokea kabla ya watu. Baba mkwe wangu, ambaye wote walimwita Ssalongo kwa kuwa amezaa mapacha, alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi wa mti uliochongwa, mtumbwi ambao haujawahi kuona ziwa. Alikuwa akikanyaga ndizi zilizochanganywa na majani makavu, na chini ya nyayo zake maji ya rangi ya asali yakichuruzika. Wengi pale kijijini hutia mtama wakanywa pombe kesho yake. Ukoo huu ulikwenda mbali zaidi: babu yake Ssalongo alifundishwa na padri mmoja kuchuja na kuhifadhi, na tangu hapo divai yao hukaa kwenye madumu ya kioo hadi inang'aa.

Kama kawaida yangu, niliposimamisha gari nilichomoa kifaa kidogo cha mtambo wa kuwashia nikakitia mfukoni. Siku zile gari lililowaka halikuwa na mwenyewe, askari walilichukua tu.

Maganga alioshwa miguu akawekwa mtumbwini na babu yake. Aliteleza, akakaa kwenye ndizi, akacheka hadi akapaliwa. Sanyu alinuna, kwa sababu kukanyaga ni kazi ya wanaume. Ssalongo akampoza kwa kata ya maji ya ndizi yasiyolevya, naye akayanywa taratibu huku jicho liko njiani.

Mama mkwe, Nnalongo, sikumwona. Kwa Waganda mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, hata kutazamana ni aibu. Alinisalimu kutoka nyuma ya ukuta wa jiko, kama alivyonisalimu miaka yote.

Baada ya chakula nilisema lililonileta. Ssalongo alisikiliza akipangusa mikono.

"Wewe nenda, mwanangu," alisema. "Hali ikipoa utarudi. Lakini watoto ni wa hapa. Nani atawapiga risasi watoto kwenye migomba?"

Babirye akainamisha kichwa.

Bado tulikuwa tumekaa hivyo tuliposikia Landrova ikipanda kilima. Niliinuka bila kujua niende wapi. Pazia la jiko likafunguka, mama mkwe wangu akatoka, Maganga mgongoni kwake, akanikamata kifundo cha mkono. Nilishtuka kwa mshiko ule kuliko kwa askari.

"Ingia," alisema, na kunisukuma kwenye mtumbwi wa pili uliokuwa mtupu chini ya kibanda. Akanifunika majani ya mgomba, safu juu ya safu, kama wafunikavyo divai inayochachuka, akamwaga machicha ya ndizi juu yake. Nyuki wakaja mara moja.

Nilisikia buti zikishuka. "Mzee, reta pombe! Ile ya chupa!"

"Naleta, afande."

"Gari ya nani hii?"

"Ya mkwe wangu. Imeisha petroli, ameenda kutafuta."

"Mkwe wako mutu ya wapi?"

"Masaka," alijibu Ssalongo, sauti haikutikisika.

Mmoja akajaribu kuwasha Pijo. Ililia, ikalia, ikanyamaza. Akaitukana. Kisha hatua zikaja karibu na kibanda, zikasimama.

"Wewe, toto. Baba yako iko wapi?"

Alikuwa anamwuliza Sanyu. Sanyu, ambaye nilimbembeleza kwa Kiswahili tangu usiku wa kwanza, ambaye aliwasahihisha wenzake mitaani wakikosea. Nilijua atajibu, maana nilimfundisha kwamba mkubwa akiuliza anajibiwa.

"Ssebo?" alisema kwa Luganda, yaani bwana, kwa upole. "Sijakuelewa, ssebo."

"Hujui Kiswahili?"

"Ssebo?"

Askari akasonya. Wakapakia madumu mawili ya divai, wakaondoka bila kulipa na bila kuaga.

Nilipotoka, nimelowa na kunuka, Nnalongo alikuwa ameshanigeuzia mgongo. Alizungumza akiutazama ukuta.

"Waondoke. Wote wanne."

"Nnalongo," mumewe alianza.

"Leo nimemshika mkwe wangu mkono mbele ya wajukuu. Kuna nini tena kilichobaki hapa cha kuchunga?"

Ssalongo alimwita Sanyu, akamweka baina ya magoti yake. Kisha akaniambia, "Uwapeleke salama," akaenda kuosha miguu.

Alasiri tulirudi kwa njia za ndani kukwepa Busega, mashimo tupu, na nilisimama kila nilipoona vumbi mbele. Nikamwuliza Sanyu kama amechoka.

"Nkooye," akajibu. Nimechoka, kwa Luganda.

"Sema nami Kiswahili, mwanangu. Hapa hakuna askari."

Akageuka kutazama kioo cha nyuma. "Huwezi kujua, Baba," alisema, bado kwa Luganda.

Juma lililofuata tulivuka mpaka wa Busia, tumejibana katikati ya magunia ya lori la mizigo. Nilikuwa nimesafiri nikidhani hofu ni mzigo wetu sisi wakubwa, na watoto tunawabeba juu yake wamelala. Nilijifunza kwamba walikuwa macho muda wote, na wameshika upande wao wa mzigo bila kuambiwa. Tulipofika Voi, mama yangu alitoka mbio, akamkumbatia Sanyu na kumwuliza kwa Kiswahili jina lake nani. Mtoto alinitazama mimi kwanza, akiniuliza kwa macho kama inafaa.