Miti Ambayo Koko Hakuijua

Juzi sokoni Mbarara nilipita karibu na mama aliyekuwa akitwanga majani mabichi, na ile harufu chungu ikanirudisha Misiera, kwenye kambi ya wakimbizi tulikoishi, mchana ambao mdogo wangu Furaha alikuwa akitetemeka kwa homa.

Bibi yetu, tuliyemwita Koko, alikuwa mganga wa miti shamba kule Kivu, kabla hatujakimbia. Siku hiyo alinituma majani kama yale ya kule. Nilizunguka juani, nikamletea fungu zima. Akayafikicha, akayanusa, akayatupa.

“Si yenyewe. Rudia.”

Nikaleta mengine. Akayatupa vilevile, mbuzi wa jirani wakayatafuna. Nilidhani hampendi Furaha.

“Koko, unakatala kumuponyesha?” nilimuuliza kwa hasira.

“Miti ya hii fasi siiyuwe,” alisema, kwamba hakuijua miti ya mahali hapa. “Nikimupa sumu je?”

Mama yetu akambeba Furaha mgongoni mpaka kliniki, mtoto akapona. Mimi nilibaki na kinyongo, nikiona Koko ametuangusha kwa ukaidi. Leo najua alikuwa na hofu, na hasira iliyozidi yangu, kwa kuwa ujuzi wake ulibaki Kivu.

Tangu hapo, majirani walipokuja kuomba dawa, aliwajibu bila kuinua macho: “Muende kliniki. Mimi niko mulimaji tu.”