Masikio na Breki Ngumu

Mtaa ule wa gereji ulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: Masikio akiinua mkono, kila mtu anyamaze. Mchomeleaji wa jirani alizima mashine yake, wanyoosha bodi wakaweka nyundo chini, hata dada muuza chai alizuia vijiko vyake visigongane. Ndipo fundi alipoiinamia injini inayonguruma, akafumba macho, akasikiliza. Wenzake walishika spana kwanza na kuuliza baadaye. Yeye alisikiliza kwanza, na tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, alijivuna sana kwa hilo. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika.

Asubuhi hiyo gari lililokuwa mbele yake lilikuwa la binti yake, mkunga wa zahanati ya mlimani.

"Breki imekuwa ngumu, baba. Nikikanyaga ni kama nakanyaga jiwe. Jana nusura nimgonge mtu."

"Miguu yako imekonda, mama," alimtania. Alimwita mama tangu alipozaliwa, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake.

Akainua mkono, mtaa ukanyamaza. Akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akanyoosha mgongo.

"Upepo hauvuji. Buster ni nzima. Hizi pedi za breki tu, zimekuwa kama vigae."

Buster ni lile dude jeusi la bati lililoko nyuma ya injini. Injini huvuta hewa kutoka ndani yake kupitia bomba la mpira, na mvuto huo ndio unaousaidia mguu wa dereva. Mpira ukipasuka, hewa huingia ikipiga mluzi, na mguu hubaki kupambana peke yake. Mluzi huo ndio Masikio aliokuwa akiutafuta. Hakuusikia, basi haukuwapo. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote.

Alifunga pedi mpya, binti akaondoka. Hata jasho lilikuwa halijamkauka fundi, gari likarudi likijikokota, bampa limebonyea. Kwenye mteremko wa soko pedeli ya breki ilikataa kushuka. Binti alivuta breki ya mkono, gari likaenda kugota ukutani.

"Baba, pale angekuwa amesimama mtu, ningemuua," alisema.

Masikio aliogopa. Alifanya kipimo alichozoea kukidharau, akikiita cha wanaoanza kazi. Alizima injini, akaikanyagakanyaga pedeli mpaka ikawa ngumu, akaacha mguu juu yake, akawasha. Buster ikiwa inafanya kazi, injini ikiwaka tu pedeli huzama kidogo chini ya mguu. Hii haikusogea hata kidogo.

"Haivutwi," alisema. Akashuka, akainua mkono. Mtaa ukanyamaza tena. Alisikia ngurumo ya injini kwa mbali, kama mtu aliyejifunika godoro kichwani, na hakusikia kingine. "Lakini mluzi hakuna."

Binti alimtazama. "Baba, si huo hapo? Unalia fiii! Tangu tumefungua boneti unalia."

Masikio alicheka, na hakuna aliyecheka naye. Akamgeukia mchomeleaji. Mchomeleaji akaanza kukagua glavu zake kana kwamba amezinunua leo.

"Mimi nimeusikia tangu asubuhi, mzee," alisema hatimaye. "Ila nikajiambia, kama Masikio mwenyewe hausikii, mimi ni nani?"

Fundi aliupapasa mpira taratibu, kutoka kwenye injini kuelekea kwenye buster. Chini ya klipu, mahali unapojikunja, kidole chake kilivutwa. Kamba hukatikia pabovu: mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, usikoonekana kwa jicho. Alipouziba ufa kwa gumba, injini ilitulia, na utulivu huo aliuhisi kwa kiganja alichoegemeza kwenye bodi. Akafunga mpira mpya, akakaza klipu, akarudia kipimo. Safari hii pedeli ilizama vizuri. Siku nyingine angetamba mpaka dada wa chai amwombe anyamaze. Leo aliinama akaanza kuokota spana zake.

Alipoinua kichwa, binti yake alikuwa amesimama mlangoni, midomo inacheza.

"Nimesikia, mama," alijibu haraka.

"Sijatoa sauti, baba." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nimechezesha midomo tu."

Mtaa ulinyamaza bila mkono wowote kuinuliwa. Masikio aliketi juu ya tairi bovu. Alikuwa anajua, bila shaka. Alijua tangu alipoanza kuwatazama wateja midomoni badala ya machoni. Alidhani akikaa kimya, ugonjwa nao utachoka uende zake. Sasa aliona haya mbele ya mtoto wake, na haya hiyo ilimuuma. Kisha jambo jingine likamjia, akaisahau haya yenyewe.

"Yule mwalimu," alisema. "Mwenye gari la kubebea watoto. Alikuja juzi, analalamika breki ngumu vilevile. Nikainua mkono. Nikasikiliza." Akainuka kwenye tairi. "Nikamwambia aende, liko sawa."

Mchomeleaji alivua glavu zake, akaziweka chini.

"Lile nalo lilikuwa linalia," alisema.

Binti alikuwa ameshaingia kwenye gari na kuwasha injini. Akamfungulia baba yake mlango wa upande wa pili, akamwonyesha kwa mkono apande. Ilikuwa inakaribia saa ya watoto kutoka shule.