Porto Iliyodaiwa Kutiwa Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, Patroni alinipa glasi, akanionyesha ndoo, akasema, "Onja, tema. Mi nitakuwa naangalia koo yako."

Alikuwa Mreno mzee, mzaliwa wa Bujumbura, mwenye mkahawa karibu na ziwa. Nyuma ya jiko kulikuwa na stoo ya baridi isiyo na dirisha, na humo alilaza chupa za porto alizoachiwa na baba yake. Mimi nilikuwa nimetoka Uvira, upande wa Kongo, nimeolewa mtaa wa Nyakabiga, na kanisani kwetu pombe ni dhambi. Nilikubali kwa sababu ya kule kutema. Hata hivyo mume wangu alininusa mdomo kila niliporudi nyumbani.

Vijana wanaofanya kazi hotelini huniuliza hadi leo porto ya zamani ina ugumu gani. Ni mvinyo mtamu ulioongezwa pombe kali. Ile ya mavuno ya mwaka mmoja mzuri hutiwa kwenye chupa ikiwa bado changa, ikazeekea humo. Ikizeeka huangusha mashapo, tope jeusi linalokwaruza ulimi. Kwa hiyo unaisimamisha chupa tangu jana yake, tope lishuke. Kizibo kikiwa kimeoza usikiguse: unaibana shingo ya chupa kwa koleo lililopashwa moto hadi likawa jekundu, kisha unapitisha kitambaa chenye maji baridi, na shingo inakatika safi. Halafu unamimina polepole kwenye karafu, ile chupa pana ya kioo ya kupeleka mezani, mshumaa ukiwaka nyuma ya shingo. Ukiona uzi mweusi unakaribia, unaacha. Kilichobaki ni cha kumwaga, hata roho ikiuma.

Kazi ya kuonja ni kazi ya kushuku. Unashuku kizibo, unashuku joto, unashuku glasi iliyofutwa kwa kitambaa chenye sabuni. Ukizoea, unaanza kushuku na watu.

Funguo za stoo alizishika Salumu, Mwislamu wa mtaa wa Buyenzi, aliyechaguliwa kwa sababu hanywi. Mchana mmoja Patroni alionja porto niliyoimimina, akaweka glasi chini.

"Hii ni maji. Nani ametia maji?"

Nilikuwa nimeionja. Ilikuwa na ladha ya zabibu kavu na njugu, na utamu uliokataa kutoka mdomoni. "Iko muzuri, Patroni."

"We unamufunikia Salumu?"

Chupa iliyofuata, maneno yaleyale. Akaanza kutuita mmoja mmoja. Kwangu alisema Salumu anauza porto kwa mlango wa nyuma. Kwa Salumu, nilikuja kujua baadaye, alisema mimi nakunywa na kujazia maji. Tukaacha kula pamoja. Salumu akawa anapita mlangoni bila shughuli kila nikimimina, nami nikawa nanusa vidole vyake aliponipa funguo. Mwishowe Patroni alimwambia Salumu afanye kazi mpaka Jumamosi, asirudi tena.

Jumamosi hiyo mimi na Patroni tulikuwa stooni, nikimimina chupa ya wageni. Patroni alisimama ubavuni, mshumaa ukiwa nyuma ya bega lake, macho kwenye mikono yangu. Pembe ya kitambaa cha glasi kilichokuwa mezani ikaangukia moto wa mshumaa. Moshi mchungu ulinikaba, lakini nilikuwa nimeinua chupa na sikuweza kuiachia.

Salumu alikuja mbio kutoka jikoni. "Kitu gani inaungua?"

Patroni alikuwa bado ananitazama mikono. Hakugeuka mpaka Salumu alipomwaga maji kwenye kitambaa. Hapo nikakumbuka homa iliyomlaza Patroni kitandani kabla hajaanza kulalamika, na supu aliyokuwa akiiongezea chumvi, halafu chumvi tena.

Nilisubiri Salumu atoke. "Patroni, tangu ile homa, unasikia harufu?"

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mutu."

"Salumu?"

"Apana, Patroni. Kitambaa iliungua nyuma yako."

Alichukua karafu, akaingiza pua ndani, akakaa hivyo kitambo. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamelowa. "Mule hamuna kitu," akasema.

Salumu alibaki na funguo. Patroni hakumwomba radhi, alimtuma tu alete glasi safi. Tangu hapo mimi nilionja, Patroni akafumba macho na kuuliza, "Inasema nini?" Nikamweleza. Siku nyingine alifumbua jicho moja: "Haunidanganye?" Mimi na Salumu tulikula pamoja tena, ila hakunitania kama zamani.

Patroni amekwisha kufariki, nami nimestaafu, niko Ngagara kwa binti yangu Riziki. Nawaambia vijana: mkisikia bosi anamlaumu mwenzenu, mwulizeni kwanza huyo bosi hali ya afya yake.

Juzi niliugua mafua makali. Asubuhi hii Riziki ameniletea kahawa.

"Umetia tangawizi?"

"Nimetia, mama, tena mingi."

Nimeinusa. Nimeinusa tena. Nimemwambia aende jikoni, aniletee kipande cha tangawizi kilichobaki nikione.