Plake ya Mbio ya Léonard

Mbele kijana Mulenga alete tukutuku yake ya moteri, ku avenue yetu ya mutaa ya cité Albert kinga ya Léonard, baisikeli yake ya kukanyaga, njo ilikuwa mufalme. Ilikuwa na dinamo na kengele mbili. Kila Siku ya Mungu, misa ikiisha, Léonard aliipitisha mbele ya lupango ya nyumba ya Adolphine, akashuka, akakunywa munkoyo, kinywaji ya mahindi yenye ule mwanamuke alikuwa anauzisha, kikombe juu ya kikombe mupaka tumbo inalia. Alitaka kumuoa. Jibu, Adolphine hakumupatia bado.

Kisha ile tukutuku ikafika. Mulenga anapita, kuku zinaruka lupango, banamuke banatoka inje kuangalia, na munkoyo ya Léonard inajaa vumbi.

“Unaipenda ile kitu?” Léonard akamuuliza Adolphine.

“Ninaiogopa. Inavyokimbia vile, mi siwezi kuipanda.”

Lakini macho yake ilifuata Mulenga mupaka ku kona, na yale macho njo ilimuchoma Léonard.

Akavaa koti, akaenda ku biro ya shefu wa cité. Wivu hakuitaja, mujanja ule. Alisema batoto, alisema bamama na ndoo zabo ku robine ya maji. “Baba shefu, avenue yetu haiko njia kubwa ya kukimbilia Kipushi.” Tena alisema kweli, juu ya ile tulitia vidole vyetu vyote na wino ku karatasi yake ya maombi. Kisha miezi mbili, plake ikakuya, kibao ya kupunguza mbio: kilometa kumi na tano ku saa moja. Hakuna avenue ingine ilikuwa na plake muzuri sawa yetu. Léonard mwenyewe alishika nguzo, ciment ikauka, akaipangusa na kitambaa ya kinga yake.

Siku ya Mungu ile, Mulenga akakuya pole-pole, tukutuku inakohoa.

“Mulenga, nyama yako iko mugonjwa?”

“Ni plake, Ba Léonard. Inanifundisha kuamukia bantu.” Akageuka ku Adolphine. “Jambo, mama. Kumbe kwako kuko maua. Sikukuwa nayaona.”

Bakacheka bote bawili. Mulenga akakunywa kikombe moja, miguu chini, hata kushuka hakushuka. Juma ya pili akashuka. Léonard alihesabu muda yenye aliikala pale, na roho yake ilikuwa sawa makala ya moto yenye bantu banapepea.

Juma ya tatu, akamukuta Adolphine na kitambaa mupya ku kichwa, anaikala upande ku tukutuku, nyuma ya Mulenga, mukono ku bega yake.

“Unaenda wapi?”

“Kipushi, kuonyesha Mulenga kwa mama.”

“We si unaogopa ile kitu?”

“Mbele, ndiyo. Sasa inaenda pole sawa kinga yako. Nilizoea.” Akamutolea kikombe. “Uniangalilie nyungu ya munkoyo, yaya.”

Yaya, ni kusema kaka yake mukubwa. Tangu bajuane, hakumuita vile hata siku moja, na sisi bote ku kibaraza tulisikia kama jibu ilitoka.

Léonard aliacha nyungu, akapanda kinga. Kwa ile mbio ya plake alibafikia bila kazi, akaenda pembeni yabo avenue muzima, anaongea, anamuelezea Adolphine habari ya ndoa, sawa bantu batatu benye kutembea pamoja. Kufika mwisho, penye sheria yake ilikomea, Mulenga akamuangalia na heshima.

“Ba Léonard, uniruhusu.”

Na Adolphine, bila kugeuka, akasema: “Ongeza mbio kidogo.”