Musembi na Monita Isiyoguswa

Mpwa wangu Musembi ni kijana wa kuchagua. Akipakuliwa muthokoi, hutoa maharagwe yaliyokunjamana na kuyapanga ukingoni mwa sahani. Viatu vya kuanzia chuo alivijaribu karibu maduka yote ya Kikima, kisha akarudi kuchukua jozi ya kwanza aliyoikataa. Kwa hiyo siku kioo cha laptopu yake kilipopasuka, nilijua sisi wa nyumbani ndio tutakaoumia.

Kioo kilipasuka kwa sababu aliiacha laptopu kitini, akaikalia. Yeye husema ilipata ajali. Ilikuwa bado inafanya kazi, lakini upande wa picha ulikuwa umekufa, nayo kazi yake yataka macho, maana anasomea uchoraji wa ramani za majengo. Alikuwa mwaka wa mwisho, na kazi ya kumaliza chuo ilikuwa ramani ya zahanati. Asipoiwasilisha mwisho wa mwezi, angerudia mwaka mzima, na karo ya kurudia haikuwepo. Mama yake yuko kazini Emali, hivyo mzigo ulikuwa wangu na wa mama yangu, Susu Kathini, bibi yake.

Musembi alichomeka laptopu kwenye televisheni ya sebuleni. Susu, aliyezoea kukaa hapo kusikiliza mahubiri na habari, sasa akawa anatazama kuta za zahanati.

"Musembi, hii hospitali itaisha lini?" aliuliza jioni moja.

"Bado choo, Susu."

"Basi weka hicho choo haraka, mimi nisikie habari."

Tukakubaliana anunuliwe monita yake. Bajeti ilikuwa ya mwanafunzi, yaani ndogo na yenye wenyewe wengi. Kaka yangu Kimeu alituma kitu kidogo na agizo kubwa: nunua ile pana kuliko zote. Vijana wa kanisa walichangia, wakataka iwe ya kuazimika siku za kwaya. Mimi nilichanga pia, na sharti langu lilikuwa moja tu, inunuliwe upesi.

Nani alisikia? Musembi alizama kwenye simu kutazama wataalamu wa mbali wakisifu monita ambazo Makueni hazijawahi kufika. Alikuja mpaka kwenye cherehani yangu kunifundisha.

"Aunty, hii inaonyesha rangi asilimia tisini na tisa."

"Na hiyo moja imebaki ni rangi gani?"

Akafikiri kweli, maskini, kisha akarudi kwenye simu. Mchagua jembe si mkulima, nami nilikuwa nahesabu mwezi ukiyoyoma. Mwishowe nilifunga kibanda changu cha ushonaji, nikamshika mkono, tukaenda Mukuyuni kwa Gathua, anayeuza kompyuta zilizotumika maofisini.

Njiani nilimpa somo moja. Ukipenda kitu sokoni, kitazame kama umeonyeshwa jiwe. Hata mbuzi mzuri humsifu ukishafika naye nyumbani. Akaitikia vizuri kabisa.

Gathua alianza na monita kubwa iliyopinda. "Hii ndio vijana wanataka siku hizi, mama."

"Hii iliachwa juani," nikamwambia.

Musembi alieleza kwa upole kwamba hutengenezwa hivyo, ila mchoraji hataki ukuta ulionyooka uonekane umepinda. Ya pili ilikuwa pana kama Kimeu alivyoagiza, lakini herufi zake zilikuwa na ukungu, kwa sababu picha ni ileile imevutwa tu ikajaza nafasi. Ya tatu ilikuwa ndogo kuliko hizo, mguu wake una mkwaruzo, na ina tundu la waya uleule aliokuwa nao. Musembi alijaza kioo chake kwa rangi nyeupe, kisha nyekundu, kisha nyeusi, akikisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa, akitafuta kidoa kilichokufa, yaani kisichowaka. Gathua alipiga miayo. Mimi nilikaa juu ya katoni.

Akainuka, uso wote meno. "Aunty, hii ni poa sana! Ndio hii!"

Nikaona bei ikipanda machoni mwa Gathua kabla hajafungua mdomo. Nilimfinya mpwa wangu, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Ilibidi nitoke dukani kwa hasira mara mbili, na moja ya hizo hasira ilikuwa ya kweli, ndipo bei ikashuka tukaiweza.

Tulirudi nayo ikiwa imefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Nyumbani Musembi alitangaza sheria. Isiguswe kwa kidole. Chai isipite karibu. Kitambaa cha kuipangusia kiwe chake peke yake, nami ndiye niliyeombwa kukikata kutoka kwenye vipande laini vya kibandani kwangu. Hatukubisha. Televisheni ilikuwa imerudi kwa mwenyewe.

Sasa lazima niseme jambo kuhusu mama yangu. Ni nguzo ya kanisa, lakini baraka ya mate ya wazee wetu hajaiacha. Hunywa funda la maji, hukutemea kidogo, mara moja na nyingine, akakuombea. Cherehani yangu ilipofika aliitemea kwenye gurudumu. Pikipiki ya Kimeu aliitemea kwenye tangi. Mchungaji anajua, na alipohamia hapa alinyoosha viganja vyake mwenyewe bila kuambiwa.

Asubuhi iliyofuata Musembi alikuwa mezani akichora. Susu akaingia na kikombe, amejifunga leso safi, mashavu yamejaa maji. Kwa mdomo uliojaa hivyo hakuweza kusema amekuja kufanya nini. Alimwendea tu, taratibu.

Musembi akaruka, akasimama mbele ya monita na mikono ameitandaza.

"Zii, Susu! Hii haitaki maji! Utaiua!"

Susu akasimama. Akamtazama. Kisha akayameza yale maji, akageuka, akatoka nje kwenye ua akaanza kuchambua ndengu zake. 

Mimi moyo uliniuma. Nimemcheka sana Musembi, lakini hapo sikucheka. Nilimwambia, "Umechunga plastiki, ukamfukuza bibi yako. Haya, chora."

Akajaribu. Alichora ukuta, akaufuta, akauchora tena, akaufuta. Kutoka uani tulisikia ndengu zikimwagika kwenye ungo. Kisha nikamwona anachomoa waya. Akaikumbatia monita yake, akatoka nayo nje kwenye vumbi lote lile, akaiweka mbele ya Susu juu ya mkeka, akapiga magoti.

"Susu, nisamehe. Temea tu. Hata hapo katikati."

Susu aliitazama monita, akamtazama yeye.

"Na hii umeniletea ya nini? Ndio inafanya mtihani?"

"Nilidhani ndio umekuja kubariki."

"Mwana wakwa, mimi nilikuja kwako." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hiyo ikikufa, Gathua ako na zingine. Leta mikono."

Musembi akanyoosha viganja. Nilimchotea mama yangu maji, akanywa funda, akatemea kiganja cha kulia, akatemea cha kushoto. "Ngai akũathime," akasema, Mungu akubariki, akaifunga ile mikono ndani ya mikono yake. Akaishikilia kwa muda, na kijana akalia waziwazi, nami nikajifanya natafuta waya.

Zahanati ilipita, naye alimaliza chuo. Lakini ninachokiona hadi leo ni vile alivyorudi ndani asubuhi ile. Hakutaka kuvipangusa viganja vyake, hivyo aliibeba monita kwa viwiko, imelala kifuani bila blanketi, viganja vimetazama juu, akipanda ngazi za mlango pole pole. Mimi nilimfuata nyuma na waya, nikiomba isianguke.